Picha ya Kuweka Sandukuni

Nianze na ukweli, ingawa ukweli wenyewe hauna heshima: nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja kwa sababu ya simu yenye kioo kilichopasuka.

Chanzo kilikuwa msiba. Jirani yetu pale Igowole alizikwa, na picha iliyotangulia mbele ya jeneza, mikononi mwa mjukuu wake, ilikuwa imetolewa kwenye kitambulisho na kukuzwa mpaka uso ukawa kama uji uliomwagika. Mama alirudi kutoka makaburini amenuna. Akatuita mabinti zake wawili, mimi niliyetoka Mbeya kuja kuzika, na mdogo wangu anayeishi naye, akasema yeye hatasindikizwa na sura kama ile. Tumpige picha nzuri, achague moja, aiweke sandukuni pamoja na kitenge alichojitengea kwa siku hiyo. Hakuwa mgonjwa. Ni mtu wa kujiandaa mapema tu. Hata kuni za masika hukusanya wenzake wakiwa bado wanavuna.

Mimi ndiye mkubwa, na niliona picha hiyo ni haki yangu. Mdogo wangu alikwisha kuwa na mama kila siku. Yeye ndiye anayemsuka, yeye ndiye anayejua chai yake inataka tangawizi kiasi gani. Mimi ni mtu wa Krismasi na misiba. Nilitaka hiki kimoja kiwe changu.

Nikanunua kamera iliyotumika, kubwa na nyeusi, na kila Jumamosi nikawa nakwenda kwa fundi mmoja wa studio Mwanjelwa kujifunza. Alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Alinikataza kumsimamisha mtu akilitazama jua, kwani atakunja uso. Nimsogeze kivulini, karibu na mlango, mwanga umguse upande mmoja. Nipige magoti mpaka kamera iwe usawa wa macho yake. Nichungulie nyuma yake kwanza, nisije nikamwotesha mgomba kichwani. Nibonyeze kitufe nusu, kamera ilishike jicho, ndipo nimalizie. Nilifanya mazoezi kwa ndoo, kwa ndizi, kwa paka wa mwenye nyumba, hadi paka akawa akiniona anahama.

Nilirudi Igowole nimeiva, au nilidhani hivyo. Nikamkalisha mama mlangoni, nikapiga magoti, nikainua kamera. Mama akakakamaa. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, shingo ikasimama kama ya askari wa gwaride.

"Mama, pumua."

"Mpaka upige," alijibu kupitia meno.

Alipokuwa msichana, mpiga picha alikuwa akipita kijijini kwa baiskeli, na filamu yake haikuwa ya kuchezea. Aliwaamuru wote wasimame wima na wazuie pumzi mpaka awaruhusu. Yule mzee wa baiskeli alikwisha kufa, lakini amri yake mama anaitii hadi leo. Kila nilipojifunza jambo jipya, nilipata picha safi zaidi ya mtu anayezama majini.

Mdogo wangu hakujifunza chochote. Anamenya viazi na mama, wanapiga soga, simu iko kifuani, anabofya. Kwa mama, simu si kamera, kwa hiyo anapumua. Nilizitazama picha zake jioni moja: mama anamfokea mbuzi, mama anapuliza moto, mama amelala na miwani usoni. Nyingine zilikuwa na ukungu wa vidole, nyingine zimepinda. Lakini zote zilikuwa na mama. Nilisikia kitu kinanichoma hapa kifuani, nikamrudishia simu.

"Dada, we unakaza sana," akaniambia. Hakuwa na ubaya, na hilo lilinichoma zaidi.

Asubuhi ya kuondoka nilijaribu mara ya mwisho. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, mwanga laini, ule ule aliousifia fundi. Nikapiga magoti kwenye tope, mdogo wangu amesimama nyuma yangu. Nikachungulia: giza tupu. Nikaipiga kamera kofi. Nikatoa betri, nikarudisha. Giza. Nikaanza kumlaani aliyeniuzia, na nusura nilie.

"We mwanangu," mama akasema, "hako kafuniko ka mbele si ukatoe?"

Akaangua kicheko, kile chake cha kushika mbavu, na nyuma yangu nikasikia simu ikibofya.

Mdogo wangu alinitumia ile picha niende nayo Mbeya, niisafishe pamoja na zangu. Fundi aliifungua kwenye kompyuta, akasogeza kiti karibu na kioo.

"Umepiga wewe hii?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi, sina la kukufundisha tena." Akanipa mkono, nami nikaupokea. Kisha nikamwambia zile nyingine azitoe kubwa, kwenye karatasi nzuri, na hii aitoe ndogo. Mtanisamehe, au msinisamehe. Wivu haukosi akili. Wangu ulijua kabisa unachokifanya.

Pasaka nikazitandaza mezani kwa mama, zangu kumi na moja kubwa zinazong'aa, ile moja nikaibana pembeni. Mama alizipitia zangu polepole. "Huyu bibi kameza nini?" akauliza. Halafu akaichomoa ndogo, akaisogeza dirishani. "Hii."

Mdogo wangu akapiga vigelegele. Mimi nikashindwa kujizuia.

"Mama, lakini hapo unacheka. Msibani? Watu watasema nini?"

"Watauliza nilikuwa nacheka nini."

"Si ndiyo hapo!"

"Basi utawaambia." Akaniwekea picha mkononi. "Huyu mwenzio alikuwa nyuma yako, hakuuona uso wako. Mimi hapo namtazama nani?"

Nikaitazama. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwa jicho la kutafuta kasoro, sikuwahi kufuata macho ya mama yanakwenda wapi. Yalikuwa yanatazama chini kidogo, kwa mtu aliyepiga magoti kwenye tope.

Mama akanyoosha mkono aiweke sandukuni. Nikamwomba aniachie wiki moja.

"Ya nini tena?"

"Nikaikuze," nikasema. "Nilimwambia fundi aitoe ndogo."

Mama akanitazama, akamtazama mdogo wangu, asiulize. "Na umwambie nani kaipiga," akasema, akafunga sanduku.