Karai Kwenye Njia Tambarare

Niligombana na mama yangu siku tatu kwa sababu ya neno moja, na hadi leo sijaamua kama kosa lilikuwa langu, la mwalimu au la neno lenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa karibu na Sori. Mwisho wa mwaka tulipewa fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu. Ilitakiwa irudi Jumatatu asubuhi ikiwa na sahihi ya mzazi, na asiyeirudisha, shule ingempangia masomo. Kwa sisi wasichana kupangiwa kulikuwa na maana moja tu: sayansikimu. Mimi nilitaka fizikia, na nikitaka kitu huwa sina adabu.

Aliyenitia hamu hiyo, bila kujua, ni mjomba wangu aliyekuwa akichimba dhahabu Masara. Likizo moja nilimtembelea nikaona jinsi walivyotoa mawe shimoni. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya mdomo wa shimo, kamba imezungushiwa gogo, na upande mmoja kuna mkono wa chuma wa kulizungushia. Mkono ule ulikuwa mfupi, na wanaume wawili waliuzungusha mishipa ya shingo ikiwa imewatoka. Siku ya pili ukavunjika. Fundi akamchomelea mjomba mkono mwingine, mrefu karibu mara mbili, na kuanzia hapo mtu mmoja akawa anatosha.

"Huu una teko," mjomba alisema, yaani una nguvu.

Chuma ni kilekile, gogo ni lilelile, mawe ni yaleyale. Nilikaa pale juani nikijiuliza nguvu hiyo imetoka wapi. Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyejali mradi mawe yanapanda.

Jibu nililipata kwa mwalimu wetu wa fizikia. Alikuwa kijana aliyetoka mbali, hajui hata neno moja la Kijaluo, kwa hiyo alifundisha kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili. Maabara hatukuwa nayo. Alitutoa nje akatuonyesha wilbaro ya shule, kapi ya kisimani, na baiskeli yake mwenyewe ambayo aliipindua matairi juu kama kuku wa kuchinjwa. Nilipomweleza habari za Masara alichora mikono yote miwili ubaoni. Mkono mrefu, alisema, haujaongeza chochote. Unausukuma kwa nguvu ndogo, lakini kiganja chako kinazunguka duara kubwa. Ule mfupi unataka nguvu nyingi, na duara lake ni dogo. Zidisha nguvu kwa umbali, jibu ni moja. Mashine haikupi kitu bure, inakubadilishia tu. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia hata kanisani, Mungu anisamehe.

Nguvu mara umbali: hiyo ndiyo aliyoiita kazi. Na Ijumaa ya ile wiki ya fomu akatupa mfano.

"Mama amebeba mzigo kwa kichwa, anatembea barabara tambarare kilomita moja. Amefanya kazi ngapi juu ya huo mzigo?"

Tulipiga kelele kwamba ni nyingi. Akaandika sufuri ubaoni, sufuri kubwa ya kutuchokoza. Kichwa kinausukuma mzigo kwenda juu, alisema, lakini mzigo haupandi, unaenda mbele tu. Nguvu iko upande huu, mwendo uko upande ule. Umbali wa kupanda ni sufuri, kwa hiyo kazi ni sufuri. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Sasa, mama yangu alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani. Kila asubuhi isipokuwa moja alishuka ufuoni, akanunua omena zilizoanikwa juu ya nyavu mchangani, akazijaza kwenye karai la bati, akaliweka kichwani juu ya kata ya kitambaa na kulipeleka sokoni. Njia ilifuata ufuo kwa muda mrefu, tambarare kabisa, kisha ikapanda kilima kimoja kifupi kabla ya soko. Nilijua njia ile vizuri sana. Ndiyo maana, badala ya kufikiri, nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha tele kumpelekea habari.

Nyumbani tulizungumza Kijaluo, na kwa Kijaluo kazi ni tich. Tich ni ya shambani, ni ya ofisini, ni ya jikoni, haina ndugu wa fizikia. Mwalimu alikuwa amesema "juu ya huo mzigo". Hayo maneno manne niliyadondosha mahali fulani njiani.

"Mama," nikasema, "leo tumefundishwa kwamba ukibeba karai kwenye njia ya ufuoni, hufanyi kazi."

Alikuwa amechutama akisugua sufuria. Mkono wake ukasimama.

"Rudia."

Nikarudia, mjinga mimi.

"Huyo mwalimu amewahi kubeba nini? Chaki?" Akainuka. "Hiyo sketi uliyovaa, hayo madaftari, vilikuja hapa kwa miguu yao?"

Nilijaribu kueleza habari ya nguvu na upande wake. Nilieleza vibaya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyowaka.

"Yawa! Kama si kazi, basi vizuri. Kesho ni Sabato. Kesho nitajitwika karai nipite nalo mbele ya kanisa, na mchungaji akiniuliza nitamwambia mwalimu wa binti yangu ameniruhusu."

Sisi tulikuwa Wasabato wa kweli. Ijumaa kabla ya jua kutua maji yalikuwa yamechotwa, chakula kimepikwa, viatu vimepigwa rangi; baada ya hapo hata kuni haikupasuliwa. Kwa mama yangu kazi halikuwa neno la kuchezea. Maisha yake yote alikuwa ameigawa wiki kwa neno hilo, siku sita upande huu na siku moja upande ule, na sasa mtoto wake amekuja na mpaka mwingine.

Nilitoa fomu, kwa maana nilikuwa sina akili ya kungoja.

"Hapo sitii kidole," alisema, maana sahihi yake ilikuwa alama ya kidole gumba. "Utasoma kupika. Anayefundisha kupika angalau anajua jiko ni moto."

Jua lilikuwa linagusa ziwa. Hakuruhusu ugomvi uvuke uingie Sabato, kwa hiyo tuliuacha palepale kama ulivyokuwa, na siku nzima ya Jumamosi tulikaa benchi moja kanisani, tukala sahani moja, bila kusemezana. Nilikuwa na hasira naye. Niliona ananinyima kitu kwa sababu tu hakielewi. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana Jumatatu ilikuwa inakuja, na nilijiona mwaka mzima nikichora mishono ya aproni ilhali wavulana wako nje na baiskeli imepinduliwa.

Sabato ilipotoka, kabla hata giza halijaingia vizuri, mama akaniita.

"Kesho utabeba karai langu. Ufuoni hadi sokoni. Ukifika, mbele ya wenzangu, utasema kama umefanya kazi au hukufanya. Ukisema umefanya, natia kidole kwenye karatasi yako, usome unachotaka."

"Na nikisema sikufanya?"

"Basi umeamua mwenyewe."

Kusema kweli nilifurahi. Neno moja tu, na fomu ni yangu. Niliona mama ameniachia mlango wazi.

Jumapili asubuhi alilijaza karai mpaka likafura juu. Wanawake wawili walisaidiana kunitwika. Mimi nilibeba ndoo za maji tangu utotoni, lakini maji ni ya mwendo mfupi. Omena zile zilinikaa kichwani na kunishukia shingoni hadi kiunoni. Mama alijitwika lingine akatembea kando yangu, mikono imening'inia huru, anasuka kamba ya katani kwa vidole vyake kana kwamba kichwani ana kofia. Mimi nilishika karai kwa mikono yote miwili na bado likawa linayumba.

Tulipofika penye mitumbwi iliyogeuzwa akaniuliza, "Unafanya kazi?"

"Bado," nikasema.

Tukaenda. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kujipangusa. Mfanyabiashara mmoja Mkuria, aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyojaa ndizi, alitupita akamwambia mama kwa Kiswahili, "Mama, hii mtoto umepatia mzigo kubwa sana."

"Hakuna mzigo hapo," mama akamjibu. "Uliza yeye. Anasoma."

Yule bwana akacheka akaenda zake. Mimi niliuma meno. Nilianza kuhesabu hatua, nikaacha, nikaanza tena. Shingo ilikuwa inatetemeka, na katika kutetemeka kule wazo fulani likanijia kwamba mwalimu ni mwongo. Nililifukuza. Karai lilikuwa juu ya ardhi urefu uleule liliokuwa nao ufuoni, hilo lilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nakaribia kuanguka, na hilo pia lilikuwa kweli. Sikujua kweli hizo mbili zinaishi vipi nyumba moja, ila nilijua sitaitupa hata moja.

Kilima kilipoanza nikasema bila kuulizwa, "Sasa ninafanya kazi. Na wewe pia."

Nilisikia Mama naye anavuta pumzi kama mimi.

Sokoni walinitua karai. Wenzake watano sita walikuwa wameshajua habari nzima, maana walisogea wakasimama, mikono viunoni, wakinisubiri.

"Haya," mama akasema. "Sema."

Mlango ulikuwa wazi kama alivyouacha. Kusema "nimefanya kazi njia nzima" kulikuwa rahisi, na mwili wangu wote ungekuwa shahidi. Lakini ningeingiaje darasa la fizikia kwa kukana somo lake? Nikapiga moyo konde.

"Nimechoka sana," nikasema. "Sijawahi kuchoka hivi. Lakini Mama, Ijumaa nilikueleza vibaya. Fizikia haikuulizi wewe. Inaliuliza karai. Inaliuliza: umepewa nini? Kule ufuoni karai linasema, sijapewa kitu, nilikuwa juu na bado niko juu vilevile. Hapa kilimani linasema, nimepandishwa. Kilichohesabiwa ni kilima tu."

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema huyu mtoto amepigwa na jua. Mama hakucheka.

"Karai linaulizwa," alisema polepole. "Na mimi, nani ananiuliza?"

Kitabu cha kidato cha pili hakikuwa na ukurasa wa swali hilo. Nilikumbuka tu kitu alichowahi kusema mwalimu, kwamba nishati anayoitumia mtu haipotei, inageuka, nyingine inakuwa joto mwilini. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia jasho lake lilikuwa linaenda mahali, halikuwa la bure, lakini mahali penyewe sikupajua vizuri na sikuwa na hesabu yake.

"Hiyo hesabu iko?"

"Iko. Mbele huko. Bado hatujafika."

Akageuka akaanza kupima omena kwa kopo la gorogoro kwa sababu wateja walikuwa wamejaa. Nilirudi nyumbani peke yangu nikijua nimeshindwa. Nililia njiani, tena kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu.

Alasiri mama alirudi, akaweka karai chini, akanawa miguu, akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba.

"Lete karatasi," akasema. "Uende ukaitafute hiyo hesabu yangu. Usirudi hapa na ya karai peke yake."

Sikumngojea abadili nia. Wino wa muhuri hatukuwa nao, kwa hiyo nilichukua biro nikamsugua kidole gumba mpaka kikawa cha buluu. Kilikuwa kigumu, kimekwaruzwa na bati la karai, na wino ulikuwa unakataa kushika kwenye nyufa.

"Kwanza nisomee," akasema, kidole kimeinuliwa. "Yote. Sitii kidole kwenye nisichokijua."

Nikasoma. Jina langu. Kidato. Masomo yangu, moja moja, na fizikia nikaitamka kwa fahari. Jina la mzazi. Kisha nikafika mstari uliofuata, nikaacha kusoma.

Palikuwa pameandikwa: kazi ya mzazi. Na mbele yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasani, nilikuwa nimejaza neno moja: Hana. Nililiandika shuleni siku tuliyopewa fomu, kabla ya sufuri ya ubaoni, kabla ya ugomvi wowote. Wengi wetu tuliandika hivyohivyo. Kwetu mwenye kazi alikuwa mtu wa ofisi na mshahara, na aliyebeba omena tulisema hana kazi, anahangaika tu. Hakuna mwalimu aliyetuambia tuandike vile. Hatukufikiri hata kidogo.

Mama hakujua kusoma. Ningeuruka mstari ule na asingejua kamwe.

Nikausoma.

Kuku alipita kati yetu akidonoa, na hakumfukuza.

"Hiyo nayo ni fizikia?" akauliza.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hiyo ni mimi."

Alikitazama kidole chake cha buluu, akakiinua juu kidogo kisiguse leso.

"Basi futa kwanza," alisema. "Nangoja."