Sinia Lisiloonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa kijiko. Nilikuwa nimetoka Katito nikijua kupika mandazi tu, nikachukuliwa kibarua katika jiko la duka moja la mithai, vitamu vya Kihindi, mjini Kisumu, wiki ya Diwali. Kuona karai linatoa harufu ile, nikachota. Mpishi mkuu, ambaye sote tulimwita Maharaj, akanishika mkono.

"Kijiko ya nini?"

"Nionje sukari, Mzee."

"Hii ni ya Mungu. Yeye nakula kwanza. Wewe tumia pua."

Ninyi vijana Diwali mnaijua kwa fataki tu. Kwa Wahindu wenyewe ni siku mungu wao Rama aliporudi nyumbani baada ya miaka kumi na minne ya kufukuzwa, watu wakamwashia taa za udongo aione njia. Tena kila mlango huchorwa maua kwa unga wa rangi, kumkaribisha Lakshmi, mama wa heri, ambaye inasemekana hapendi nyumba chafu wala yenye giza. Kesho yake ni mwaka mpya wao. Watu hutembeleana kwa "Sal Mubarak", yaani heri ya mwaka mpya, na hekaluni hupangwa mlima wa vyakula mbele ya Mungu. Hivyo vyakula haviruhusiwi kuonjwa na mtu. Ukionja, unampa Mungu makombo.

Sinia letu la mohanthal lilikwenda kwenye mlima huo kila mwaka. Unga wa dengu hukaangwa kwa samli, bila haraka, mpaka unukie karanga, ndipo umiminiwe shira ya sukari. Kosea shira, na mohanthal inakuwa uji au inakuwa tofali. Unaipima kwa vidole: unachovya kidogo, unabana kidole gumba na cha shahada, unaviachanisha. Uzi mmoja ukivutika bila kukatika, epua. Nilichoma vidole miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa shira ya sinia la hekalu.

Na mwaka huohuo wa nne nikaharibu. Uzi ulivutika vizuri, nikafurahi, kidole kikaenda mdomoni chenyewe. Ladha ilikuwa tamu ajabu. Bila kufikiri nikakichovya tena.

Hakuna aliyeniona. Maharaj alikuwa nje akisafisha sinia. Ilikuwa saa nne asubuhi, na gari la kwenda hekaluni lilikuwa lije saa tano. Mwenzetu mmoja alikuwa amefukuzwa mwaka uliotangulia kwa kula samosa ya nyama mle jikoni, ambamo nyama ilikuwa mwiko, na mimi nilikuwa sijaandikwa kazi ya kudumu. Nikajiambia, mimi ni Msabato, huyu si Mungu wangu, nyamaza. Halafu nikamwona Maharaj mlangoni, miguu mitupu, ameoga mara ya pili, amebeba lile sinia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikashindwa.

"Maharaj, nimeharibu. Nimelamba kidole, nikakirudisha."

Aliliweka sinia mezani.

"Nani ameona?"

"Hakuna mtu."

"Sasa mbona unaambia mimi?"

"Wewe ndiye utaipeleka."

Sikupigiwa kelele. Afadhali angefoka. Aliinama akaepua karai, akawaita wapagazi wa dukani waje waimalize shira yote, akaniambia nikaoge. Tukaanza upya. Gari lilikuja likaondoka na vyakula vingine. Tulipomaliza kukata vipande jua lilikuwa utosini, na Maharaj akaondoka kwa miguu na sinia lake, hakuniangalia. Nilikaa jikoni nikikusanya nguo zangu. Aliporudi alinipa kipande kimoja cha mohanthal, kimeshabarikiwa.

"Sasa onja," alisema. "Kesho uje mapema."

Alipozeeka akaniachia jiko, na nikaliongoza hadi nywele zikawa nyeupe. Kila mtu alishangaa, Mjaluo wa Katito kuwa mpishi mkuu pale. Mimi sikushangaa. Nilijua nina mkono wa shira, na nilitamba nao hadi soko la Kibuye.

Siku ninastaafu, mwenye duka, bibi kizee tuliyemwita Ba, aliniandalia chai. Maharaj alikuwa ameshafariki. Nikamwambia Ba kwamba namshukuru yule mzee kwa kuuona mkono wangu.

Ba akacheka. "Mkono? Alipokuachia jiko wapishi wawili walikuwa wanakushinda, Owino. Mimi nilimwambia achague mmoja wao."

"Akasemaje?"

"Akasema hao hajui wamelamba mara ngapi."

Nililia palepale mbele ya chai, mzee mzima, wala sikuona haya. Siku hizi niko nyumbani, na Diwali ikifika namkumbuka Maharaj kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya ndugu zangu.