Anacheka, Kipimo Si Hakika

Mama yangu ana miaka sabini na minne na hajawahi kuuona uso wa mama yake, hata kwenye picha. Bibi alifariki siku aliyomzaa. Kila aliyemsimulia Mama habari zake alianzia kitandani na kuishia kaburini, kama vile mtu huyo aliishi siku moja tu. Mama akakua akiamini kwamba yeye ndiye aliyemmaliza. Halisemi, lakini siku yake ya kuzaliwa hataki hata kukumbushwa.

Mimi ni fundi cherehani, na kwa ubishi mtaa mzima wananijua. Niliapa kumtafutia hiyo picha. Karani wa ofisi ya kumbukumbu alinizungusha njoo kesho, njoo kesho, mwishowe akanipa karatasi yenye jina na tarehe ya kifo. Nikamwambia kifo chake tunakijua, tunautafuta uhai wake. Akanijibu kwamba uhai hauna faili.

Wiki iliyofuata Fundi Mdogo, mzee mwenye mvi kichwa kizima ila jina la utani halizeeki, alikuwa anafunga duka la ushonaji la marehemu babu yake. Aliniita nichague mkasi. Chini ya meza ya kukatia nikakuta madaftari ya vipimo, nikafungua moja kwa udaku tu. Jina la Bibi lilikuwepo. Nikakaa juu ya majora ya vitambaa.

Mwingine angeona tarakimu. Mimi niliona mtu. Gauni la kazi, urefu wake mdogo: kumbe ufupi wangu nimeurithi. Mkono wa kulia umezidi unene wa kushoto kwa inchi nzima. Hatukuwahi kuambiwa kazi yake, lakini mkono ule naujua, ni wa pasi ya mkaa, kutwa kucha mashuka ya watu. Mikono ya gauni aliitaka iishie juu ya kiwiko, cheche zisiidake. Nikamwona akiingia dukani na jasho lake, akiinua mikono apimwe. Na pembeni mwa kipimo cha kifua babu yake Fundi Mdogo alikuwa ameandika: "Anacheka. Kipimo si hakika."

Miaka sabini na mitano, na kicheko bado kiko pale kwenye wino.

Nilimpelekea Mama daftari mchana uleule. Macho yake hayaoni tena maandishi yaliyofifia, kwa hiyo nikamsomea, gauni la kwanza, kisha la pili. La mwisho lilikuwa na tarehe ya wiki tatu kabla Mama hajazaliwa. Nilisita, kisha nikasoma: "Kiuno nimeacha kupima. Mtoto anapiga teke, mama mtu hana mbavu kwa kucheka. Tuongeze kitambaa."

Mama akaniomba nisome tena, nikasoma.

"Mtoto huyo ni mimi?"

"Ni wewe, Mama. Hakuna mwingine."

"Kumbe nilimchekesha," akasema. "Miaka yote hii wananiambia alivyokufa."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasimama, akainua mikono, akasema anataka gauni la siku yake ya kuzaliwa, na nisimbanie kitambaa. Nilipoizungusha futi kifuani alianza kucheka, na kipimo sikukipata.