Mvua ya Sufuria

Generoza alikuja kwetu akielea. Sisemi uongo, na mwenye kubisha abishe. Mwezi wa kumi, jua la utosini, mbuga ya kuelekea Dutwa huwa inachemka kwa mazigazi, na chochote kinachokuja kutoka huko hukioni miguu. Kwanza nilimwona mwanamke. Kisha nikaiona baiskeli, kisha sanduku la mbao lililofungwa kwenye keria, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na maji yanayometameta ambayo si maji. Nilisimama mlangoni mwa darasa na chaki mkononi, nikawaambia watoto wanyamaze. Kumbe walikuwa wameshanyamaza, wote wanamtazama yeye.

Hiyo ilikuwa miaka ya UPE. Serikali imesema kila mtoto aende shule, walimu hawatoshi, basi sisi tuliomaliza darasa la saba tukapewa chaki tukaambiwa fundisheni huku mkijifunza. Mimi Benedikta nilikuwa mmoja wao, msichana mwenye mdomo mrefu na elimu fupi. Generoza alikuwa mkufunzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule za vijijini kutusaidia sisi walimu wa namna hiyo, hasa kwenye sayansi, maana sayansi ndiyo iliyokuwa inatutoa jasho.

Mimi nilikuwa naifundisha kama kasuku. Nauliza, mvuke ni nini? Darasa zima linaitika kama liko kanisani: mvuke ni maji yaliyogeuka hewa! Nauliza tena, wanaitika tena, na nje huko mzazi anayepita anasema mwalimu huyu mkali. Hakuna aliyejua tunasema nini, mwalimu akiwemo.

Generoza alikaa nyuma ya darasa akasikiliza hadi mwisho. Watoto walipotoka akaniuliza, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeamka sasa hivi, "Benedikta, umewahi kuushika huo mvuke?"

"Mwalimu, mvuke unashikwa?"

"Kesho tutaushika."

Alikuwa mtu wa ndoto yule. Tulikuwa tunakaa nyumba moja ya walimu, na mara nyingi tonge lilibaki hewani kati ya sahani na mdomo, macho yameenda zake. Namwita, haitiki. Baadaye anashtuka, anacheka, anasema, "Nimeota somo." Anafungua sanduku lake. Humo mlikuwa na makopo, vioo, nyaya, sumaku, pampu ya baiskeli ya kufundishia hewa, mbegu za pamba zinazochipua ndani ya glasi, na mizani aliyoitengeneza kwa bua la mtama na vifuniko viwili vya kopo. Vyote vilikuwa takataka mpaka avishike. Nilimwonea wivu, nasema wazi.

Lakini nilimwonya pia. "Dada, hilo neno la 'nimeota' usiliseme mbele za watu hapa. Kwetu Usukumani anayeota vitu vya kufanya ni mganga, wazee wake wamemtokea."

Akacheka. Kwao ni Bukoba, na Bukoba mvua haiombwi. Kule wanaomba ikatike waanike kahawa. Angejua wapi shida ya watu wa mbuga?

Kesho yake tukaushika mvuke. Tuliweka mafiga nje ya darasa, tukawasha vijiti vya pamba, sufuria juu, ndani maji ya kisima cha kijiji. Yale maji, jamani! Yalikuwa na chumvi, chai yake huinywi bila kukunja uso. Maji yalipochemka, Generoza akanipa sahani ya bati, juu yake kitambaa kilicholowa maji baridi, akaniambia niishike kwa kuilaza upande juu ya mvuke. Nikashika. Kwanza hakuna kitu. Halafu chini ya sahani pakaota jasho, jasho likawa matone, matone yakakimbilia ukingoni, yakaanza kudondoka kwenye bakuli, to, to, to.

"Mbula!" mtoto mmoja akapiga kelele kwa Kisukuma. "Mwalimu, mbula!"

Na kweli ilikuwa mvua. Miezi yote ile nimeimba mvuke, mvuke, na leo umenilowesha kidole. Watoto walirudi nyumbani mbio kama wamefukuzwa na nyuki, na kila mmoja alisema nyumbani kwao kile alichokiona: Mwalimu Generoza ameteremsha mvua.

Sasa mjue hali ilivyokuwa. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa. Mbegu za pamba ziko kwenye magunia, ng'ombe mbavu nje, watu wanakula michembe, vile viazi vikavu vya mwaka jana. Kila jioni mawingu yanapanda upande wa Bariadi, yanasimama, yanatuangalia, yanaondoka.

Siku iliyofuata nilikwenda kisimani. Niliporudi nikakuta kondoo mweusi tititi amefungwa kwenye nguzo ya nyumba yetu, anatafuna mchicha wangu.

"Huyu katoka wapi?"

"Kaleta mwenyekiti wa kijiji, mzee Mashimba," Generoza akasema, uso umejaa furaha. "Kaja na wazee wenzake. Kanisalimia, mwadila mayu, kaniambia mgeni njoo mwenyeji apone. Watu wenu wakarimu, Benedikta!"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asante, wabeja sana. Nikampokea kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Mungu wangu! Kondoo mweusi kwetu hapelekwi kwa mtu kuwa kitoweo. Anapelekwa kwa mwenye mvua. Ukimpokea umekubali kazi, na ukimrudisha umekataa kuwanyeshea watu. Nilipomweleza, tabasamu likafifia polepole, akamtazama kondoo, kondoo akamtazama yeye.

"Sasa nifanye nini?"

"Nyesha," nikamwambia kwa hasira. Nilikuwa na hasira kweli, na chini ya hasira nilikuwa na hofu.

Wiki ikapita, mvua hakuna. Salamu zikaanza kupungua. Halafu maneno yakageuka, maana maneno ya kijiji hayakai mahali pamoja. Wakasema mvua ipo, ila yule mgeni ameifunga. Amechukua kondoo wetu, na mvua ameiweka kwenye sufuria lake, anawaonjesha watoto matone matone. Wa kulisema hilo kwa nguvu kuliko wote alikuwa Bibi Sayi, mama mzazi wa Mashimba, ajuza mkali ambaye hata ng'ombe walimpisha njia.

Bibi Sayi alikuwa na uchungu wake wa zamani. Mwaka wa Operesheni, watu walipohamishwa kuja kijiji cha ujamaa, yeye alitolewa ng'ambo ya mto Simiyu, kwenye mji wa marehemu mumewe. Na aliyepanda juu ya paa lake kuling'oa nyasi ni Mashimba mwenyewe. Mwenyekiti atawahimizaje wengine wahame na mama yake abaki? Kazi aliifanya. Ila tangu siku ile mama na mwana walikuwa wanaongea kama watu wa ofisini.

Asubuhi moja nikaingia darasani nikakuta madawati matupu. Siku hiyo hiyo mkutano ukaitishwa mbele ya ghala la pamba. Shauri lilikuwa moja: mkufunzi aondoke na sanduku lake, somo la sayansi life, na mimi niliyeshika sahani nimfuate. Nililia. Nilikuwa nimeanza kuwa mwalimu juzi tu, siku ile tone la kwanza lilipoanguka, na sasa nafukuzwa.

Watu walijaa hadi chini ya ukingo wa paa la ghala. Mashimba akasimama. Hakuwa mtu mbaya, alionekana kama mtu aliyekosa usingizi.

"Mwalimu," akasema, "ulichukua kondoo wetu. Tunachokuuliza ni kimoja. Mvua yetu uko nayo?"

Nilitaka nijibu mimi, mdomo ulishafunguka. Generoza akanishika mkono. Alikuwa ameenda zake tena, yale macho ya kuota, mbele ya kijiji kizima! Nikasema leo tumekwisha.

"Baba," akasema, "ninyi mnasema iko kwenye sufuria langu. Basi mimi silishiki. Kina mama waende nyumbani, kila mmoja alete chombo chake, maji yake na moto wake. Mimi nitakaa hapa, mikono yangu kwenye mapaja, mniangalie. Benedikta atawaonyesha namna ya kushika sahani."

Minong'ono. Halafu Bibi Sayi akasimama. "Mimi naleta chungu changu. Hakijawahi kulala kwake. Tuone atakifungaje."

Akitoka Bibi Sayi nani atabaki? Mchana ule uwanja wa ghala ukawa jiko. Vijiti vya pamba vinalia, moshi unapanda wima kwa kukosa upepo, wanawake wameinama kwenye joto, na nyuma yao mbuga yote inatetemeka. Ukiniuliza leo, nakumbuka kama kitu nilichokiona kwa jicho la usingizini. Nilikimbia huku na huku, nikipaza sauti, laza sahani, mayu, lowesha kitambaa, usiwe na haraka! Generoza amekaa peke yake juu ya sanduku, mikono mapajani, hagusi hata unyasi.

Kikaanza chombo cha mke wa mwenye duka, to, to. Kikafuata cha jirani yake. Kwa muda mfupi uwanja mzima ulikuwa unadondoka. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Ala! Sasa wake zetu wote waganga?" Watu wakaangua kicheko.

"Haba na haba hujaza kibaba," mwingine akadakia, "lakini shamba la pamba halijai hivyo, mwalimu."

"Halijai, baba," Generoza akajibu kutoka kule alikokaa. "Mvua kubwa inapikwa na jua, na jua hakuna mwenye mafiga yake. Ningekuwa nalo ningekupeni. Nilidhani kondoo ni zawadi. Nisameheni."

Huenda yangeishia hapo, kwa kicheko na msamaha. Lakini Bibi Sayi alikuwa hacheki. Alikuwa amechovya kidole kwenye bakuli lake, amekitia mdomoni. Akachovya tena. Halafu akalinyanyua bakuli akanywa yale matone yote, akafumba macho.

"Minzi," akasema. Maji. Alisema taratibu, lakini uwanja wote ulisikia. "Haya si ya hapa. Hayana chumvi. Haya ni ya kisima changu cha ng'ambo."

Mashimba akamsogelea. "Mama, ni maji ya hapa hapa. Nimekuona ukiyamimina."

"Unanifundisha maji niliyokulea nayo?" Machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo ya uso wake, na hakuyafuta. "Uliniambia kule hatutarudi tena, Mashimba. Uliniambia nisahau. Mbona yapo? Yalikuwa humu siku zote, yamefunikwa na chumvi tu."

Mwenyekiti, mtu wa hotuba, alisimama na kofia mkononi mbele ya mafiga ya mama yake, na sisi sote tukatazama chini kwa aibu ya kumwona mtu mzima hivyo. Hakuna aliyepiga kura siku ile. Watu walibeba vyungu vyao wakaondoka, na Bibi Sayi, akipita mbele yetu, akasema tu kwamba kondoo abaki.

Kesho yake madawati yalijaa. Generoza alikaa nasi muda, akaenda Shishiyu, akaenda kwingine, na akazunguka na lile sanduku hadi baiskeli ikamchoka kabla yeye hajaichoka. Walimu wengi wa upande huu waliowahi kuwasha moto mbele ya darasa waliupata kwake, nami ni mmoja wao hadi nilipostaafu.

Kabla Generoza hajaondoka, Bibi Sayi akawa mwanafunzi wetu. Kila mchana anakuja na chungu chake, anakaa na darasa la nne, anadondosha kikombe chake, anakunywa, anakwenda. Halafu kukapita siku bila kumwona, mvua bado haijanyesha, joto limezidi. Akaja Mashimba peke yake, kwa miguu, saa ya jua kali.

"Mama amelala," akasema. "Haongei sana. Anataka yale maji."

Niliruka kuchukua sufuria. Generoza akanizuia, akampa yeye. "Mwenyewe, baba."

Basi mwenyekiti wa kijiji akapiga magoti kwenye vumbi la shule, akapuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, akashika sahani kwa mikono yake miwili. Watoto walimfundisha. Laza kidogo, baba, usiwe na haraka. Alikaa pale hadi vidole vikababuka na kikombe kikajaa, kisha akainuka akaondoka nacho, polepole, asimwage tone. Tulisimama mlangoni tukimwangalia. Mazigazi yalimchukua miguu, na kwa mbali alionekana kama anavuka mto.

Alifika. Yeye ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye, akiwa mzee. Bibi Sayi aliyanywa yote, akafuta mdomo, akauliza kama ng'ombe wameshavuka mto kurudi nyumbani.

Mashimba akamwambia, "Wamevuka, mama. Wamevuka wote."