Wakili wa Ndoa Moja

Bwanaheri wa Dunda aliupata uwakili wake Mkange, kwenye ndoa ya binamu yake. Baba wa bibi harusi alikuwa kalazwa hospitali, akamteua yeye amwakilishe kumwozesha binti. Kazi yenyewe ilichukua dakika nne. Jina limedumu miaka kumi na tisa.

Mwanzoni lilikuwa utani. Kisha akafungua steshenari, akawa anachapa mikataba ya pango na barua za maombi, na waliosema "mpelekeni kwa Wakili" hawakuwa wakitania tena. Yeye hakumdanganya mtu. Aliitika tu.

Adila aliletwa na wifi yake. Alikuwa amekimbia vita kaskazini mwa Msumbiji, mtoto mgongoni, na alitaka maelezo yake yaandikwe kwa ajili ya maombi ya ukimbizi. Alisikia risasi, akajificha siku mbili kwenye mihogo, akaondoka. Washambuliaji hakuwaona. Bwanaheri akaona haya ni machache mno kwa mtu anayeitwa Wakili, akayanenepesha: wanaume saba wenye mapanga, nyumba ikiteketea mbele ya macho yake, na neno "taharuki" mara tatu. Adila hakujua kusoma. Alisomewa mbiombio, akaweka dole gumba.

Kwenye mahojiano akaeleza kama ilivyokuwa. Wale wanaume saba hawakutokea. Akaandikwa kuwa si mkweli, ombi likakataliwa, akapewa siku chache za kukata rufaa.

Safari hii wifi alimpeleka kwa Mwanahija, wakili wa msaada wa kisheria kutoka Dar. Huyo aliuliza nani aliyeandika, akatajiwa, akalitafuta jina kwenye orodha ya mawakili, ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Bwanaheri hakuwemo. Wakaja Dunda wote watatu.

"Shikamoo, baba," alisema Mwanahija.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, baba. Wewe ni wakili wa nini?"

Bwanaheri alipanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika. "Wa ndoa," akasema. "Ya binamu yangu."

Wifi alicheka kwa pua. Adila hakucheka. "Nilikwambia sikuwaona, Wakili," alisema, bado kwa heshima, na hapo ndipo Bwanaheri alipotamani matusi.

Mwanahija alieleza kwamba inatakiwa hati ya kiapo: Bwanaheri akiri kuwa maneno yale aliyaongeza yeye. Bila hiyo, ni mdomo wa Adila dhidi ya dole gumba la Adila. Ikiwepo, Dunda nzima itajua kabla ya magharibi, maana wifi hakuumbwa na kifua cha siri.

Akachapa. Penye "kazi yangu ni" vidole vilisita, kisha vikaendelea. Mwanahija alipoipitia hati alimwomba aondoe "taharuki".

Bwanaheri alipotaka kuikunja, Adila akamzuia. "Nisomee kwanza. Polepole."

Akasoma, neno kwa neno, kama alivyopaswa kusoma mara ya kwanza. Alipofika kwenye "kazi yangu ni uchapaji", sauti ilizama.

"Hapo sikusikia," alisema Adila. "Rudia."

Akarudia.