Kikosi cha Pazi

Joachim, fundi wa mafriji hapa Bagamoyo, hakuwa mtu wa kugusa friji ya mteja asubuhi kabla hajafungua simu kumchungulia Pazi. Wote wawili walikuwa wamelowea kwenye mchezo wa mtandaoni wa mpira wa kikapu: unaunda timu ya watu wasiokuwepo duniani, unawafundisha, unawapanga, mnapambana. Kabla ya mechi unaruhusiwa kupeleleza wachezaji wa mwenzako, nani kachoka, nani kaumia. Joachim Mnyamwezi, Pazi Mkwere, watani wa jadi. Matusi yao mngeyasikia msingehangaika kuamulia.

Na Pazi alikuwa mjanja, nyie! Alikuwa akipanga wachovu makusudi ili ukipeleleza uingie mkenge, halafu mechi ikikaribia anawatoa.

Kwa hiyo Joachim alipoona mfungaji tegemeo wa Pazi kaumia goti na bado kapangwa, alicheka tu. Mechi ikaja, akashinda kwa mbali. Iliyofuata, kikosi kilekile, kimechoka hoi, goti lilelile. Mwenye akili zake angepiga simu. Yeye, wapi! Akajiambia huu mtego, akaandika ujumbe: timu yako inanuka, Mkwere, ukishindwa kuizika niite. Hakujibiwa, akazidi kuwanoa vijana wake. Inaudhi, jamani. Mtu anafuatilia goti la mchezaji asiye na baba wala mama, rafiki yake hajui kalala wapi.

Pazi alikuwa kalazwa, figo zimegoma. Joachim alizipata habari siku ya msiba, kwa Adila, mke wa Pazi, aliyempigia kumwomba afike Mkange, kijijini kwao, upesi, kwani mtani wa kuzika hawakuwa naye.

Akaenda, roho inamuuma. Mtani ndiye anayemwigiza marehemu, anayeziba njia jeneza lisipite, anayewachekesha wafiwa wapate kupumua. Joachim hakuwa na kichekesho hata kimoja. Alitaka kumwomba Pazi radhi, basi, kabla hajatiwa udongoni.

Jeneza lilipoinuliwa uani, wazee wakamsukuma mbele. Akajilaza njiani, kama inavyotakiwa.

"Pazi," akasema, "amka upange timu. Mimi nilidhani unanidanganya. Nisamehe, ndugu yangu."

Akaangua kilio, kilio cha kweli, cha kamasi, anagaragara mchangani.

Uani pakalipuka kicheko. Walijua mtani anawaigiza waliaji, tena anaigiza vizuri kuliko watani wote waliowahi kuwaona. Adila, ambaye tangu asubuhi machozi hayakumkauka, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Joachim akainua mkono kuwaambia sivyo, wakazidi kucheka. Mzee mmoja akainama, akampigapiga begani, akamwambia ahsante mtani, umetutendea haki. Kisha wakamzunguka na jeneza, wakapita.