Lango Lisilo na Ukuta

Jioni moja wiki hii nilipita penye gereza linalojengwa nyuma ya Kariakoo, upande wa Jangwani. Lango la chuma limesimama na kufuli lake. Kulia kwake hakuna ukuta, wala kushoto. Mbuzi wanaingia na kutoka wanavyotaka. Mfungwa mmoja, karai la mawe kichwani, alikuwa anabisha hodi langoni.

"Askari wangu kaenda sokoni na ufunguo," akaniambia. "Giza likiingia niko nje, nitaitwa mtoro."

"Na ukuta je?"

"Fungu lote limeishia kwenye lango. Ndivyo tulivyoambiwa."

Nikamwonyesha mbuzi kwa kidole. "Si upite pale?"

Akatua karai, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Bwana, mimi nimefungwa kwa kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Unataka nirudie?"

Nikaona haya, nikamsaidia kubisha. Askari akaja na kikapu cha mchicha, akafungua, akamwambia karibu, akafunga tena, akavuta kufuli kuhakikisha.

Tangu siku hiyo najiuliza kama aliyelila fungu la ukuta naye alibisha hodi.